Valvu Inalaumiwa Bure: Hotuba kwa Wapiga Gitaa na Mafundi wa Amplifaya

Ndugu wapiga gitaa, ndugu mafundi, na nyinyi wa besi mliokuja kusikiliza tukivisengenya vyombo vyetu, habari za jioni.

Wapiga gitaa wakikaa pamoja na mazungumzo yakafika kwenye amplifaya za valvu za siku hizi, zile zenye taa za kioo za kukuza ishara, lawama huwa zile zile. Sauti kali, inachoma sikio. Sauti nyembamba, kama nyuki ndani ya chupa. Nguvu nyingi mno, utamu hautoki mpaka mwenye ukumbi aje kukuzimia umeme. Na mafundi wana ya kwao: ukifungua nyuma hukuti waya, unakuta bodi iliyojaa vipuri vidogo kama mchwa. Halafu hukumu inatolewa upesi: valvu za leo si kama za zamani.

Mimi nimekuja kuitetea valvu. Inabebeshwa makosa ya bayasi, nitakayoieleza mbele, ya spika, ya transfoma na ya aliyechora bodi. Ikibahatika, inasifiwa kwa kazi ya hao hao.

Chukueni mfano ambao kila mmoja hapa ameusikia kwa masikio yake hata kama hajui jina. Mwaka 1962, Hanwell, magharibi mwa London, Jim Marshall na mafundi wake Ken Bran na Dudley Craven waliichukua saketi ya Fender Bassman 5F6-A, amplifaya ya besi ya Marekani ya mwisho wa miaka ya 1950, wakaiunda kwa vipuri vilivyopatikana Uingereza. Ikaitwa JTM45. Ukiitandaza michoro ya hizi mbili mezani utadhani mwanafunzi ameangalizia kwa mwenzake. Ukiziwasha, kila moja ina lugha yake. Za mwanzo kabisa zilikuwa hata na valvu za nguvu, zile zinazosukuma spika, za aina ile ile, 5881. Basi tofauti ilitoka wapi?

Valvu ya kwanza ilibadilishwa kutoka 12AY7, inayokuza ishara kama mara 44, kuwa ECC83, inayokuza mara 100. Kwa hiyo gitaa linaanza kukoroma mapema zaidi nobu ikiwa pale pale. Hapo valvu inahusika, sikatai. Lakini angalieni mrejesho hasi, yaani ile sehemu ya sauti inayorudishwa kutoka kwenye spika kuja kuituliza amplifaya. Bassman iliuchukua kwenye waya wa omu 2 wa transfoma ya kutolea sauti. Marshall waliuchukua kwenye waya wa omu 16, kupitia rezista ya kilo-omu 27 ile ile. Volti kwenye waya wa omu 16 ni karibu mara 3 ya zile za omu 2. Amplifaya ikashikwa lijamu zaidi, na ilipofika mwisho wa nguvu ikavunjika ghafla badala ya kulegea polepole. Kisha spika: Jensen 4 za inchi 10 kwenye sanduku lililo wazi nyuma zikaachwa, zikaja Celestion 4 za inchi 12 kwenye sanduku lililofungwa. Mtu anayesema Marshall ni Marshall kwa sababu ya valvu zake ameruka vitu vitatu vizito njiani.

Kuhusu valvu zenyewe za leo, nitasema machache. Kwa miaka ya karibuni, karibu kila valvu mpya ya gitaa imetoka sehemu tatu: kiwanda cha JJ huko Čadca, Slovakia, kiwanda cha Saratov, Urusi, na viwanda vya China. Majina ya Tung-Sol, Mullard, Genalex Gold Lion, Sovtek na Electro-Harmonix mnayoyaona kwenye kioo ni ya kampuni moja ya Marekani, New Sensor, na kwa muda mrefu valvu zake zimetengenezwa Saratov. Mullard ya kale ilitoka Blackburn, Uingereza. Hii mpya imerithi jina. Haina maana ni mbaya. Maana yake ni kwamba anayebishana Mullard mpya dhidi ya Tung-Sol mpya anabishana kuhusu michoro miwili ya nyumba moja. Mwezi Machi 2022 Urusi iliposimamisha kwa muda usafirishaji wa bidhaa nyingi, watu waliona valvu zinaadimika madukani na bei zinaruka, ndipo wengi wakajua vikombe vyao vyote vilikuwa vinatoka chungu kimoja.

Sasa tuje kwenye ukali unaochoma sikio. Kabla hujanunua seti mpya, uliza bayasi iko wapi.

Bayasi, kwenye amplifaya nyingi kubwa, ni volti hasi inayowekwa kwenye gridi, wavu wa ndani ya valvu ya nguvu unaodhibiti mkondo, ili kuamua mkondo gani upite wakati hupigi chochote. Mafundi wa magari wangeiita silensa, ule mwendo wa injini gari likiwa limesimama. Ikiwa chini mno, kila wimbi linapotoka kwa valvu ya upande mmoja kumkabidhi mwenzake wa upande wa pili, katikati panabaki ufa. Sikio halioni ufa. Linasikia ukakasi, hasa noti inapofifia, kama mchanga unaosagwa chini ya sauti. Ikiwa juu mno, bamba la anodi, linalopokea mkondo, linaanza kuiva jekundu ndani ya kioo, na valvu hiyo haina siku nyingi. Viwanda vina sababu ya kuelekea upande wa chini: valvu inadumu, amplifaya chache zinarudishwa ndani ya dhamana, na hawajui umeme wa mnunuzi utapanda kufika wapi. Wengine, kama Mesa Boogie, wamejenga amplifaya nyingi bila kizungushio cha bayasi kabisa, kwa hoja kwamba valvu watakazokuuzia wao zimeshachaguliwa ziendane. Hoja ina mantiki, mradi unanunua kwao. Ukiingiza valvu za duka lolote, umeingia kwenye bahati nasibu.

Hesabu yake ni fupi. Valvu ya nguvu aina ya EL34 imepangiwa wati 25 za joto kwenye anodi, 6L6GC wati 30. Kwa bayasi ya aina hii tusizidi asilimia 70. Kwa EL34 hiyo ni wati 17.5, gawanya kwa volti za anodi, tuseme 450, unapata miliampea 39 kwa kila valvu. Kwa 6L6GC ni wati 21, kwa hiyo miliampea 47 hivi. Shikeni kwamba 70 ni dari. Anzeni asilimia 60, ambayo kwa EL34 hiyo ni miliampea 33, sikilizeni, kisha mpande taratibu. Ukakasi ukitoweka mkiwa 33, msipande tena. Mnachoongeza baada ya hapo ni joto.

Namna ya kupima: rezista ya omu 1, ya asilimia 1, inawekwa kati ya kathodi, sehemu ya valvu inayotoa elektroni, na chesisi, fremu ya chuma, moja kwa kila valvu. Kila milivolti 1 juu ya rezista hiyo ni miliampea 1. Kwenye soketi za pini 8 kathodi ni pini 8, anodi ni pini 3. Pima volti za anodi kwanza, fanya hesabu, zungusha bayasi, halafu rudi upime anodi tena, kwa sababu mkondo ukipanda volti zinashuka. Subiri dakika 20 amplifaya ipate joto, upime mara ya tatu. Mkondo wa kathodi unabeba na miliampea chache za gridi ya skrini, kwa hiyo namba unayoisoma ni kubwa kidogo kuliko ile ya anodi peke yake. Kosa hilo linaegemea upande wa usalama; liacheni. Valvu mbili za jozi moja zikipishana zaidi ya miliampea 5, jozi imevunjika.

Spika iwe imechomekwa wakati wote huo. Amplifaya ya valvu isiyo na spika ikipigwa kwa nguvu, transfoma ya kutolea inarudisha volti elfu na kitu kwenye soketi, cheche inaruka kati ya pini, na bei ya kosa hilo ni transfoma nzima. Waya wa spika usiwe ule wa gitaa wenye ngao: uzi wake wa ndani ni mwembamba, unapata joto na unaweza kukatika katikati ya wimbo, na hapo umerudi kule kule kwa amplifaya isiyo na spika.

Kuna desturi ya kubadilisha 6L6 kwa EL34 ili kupata ile sauti ya Kiingereza. Inawezekana, lakini si kuchomoa na kuchomeka. Nyuzi za joto, zinazopasha valvu, za 6L6GC zinakula ampea 0.9, EL34 inakula 1.5. Kwa valvu 4 umeongeza ampea 2.4 kwenye transfoma ambayo huenda haikupangiwa. Bayasi yake ni nyingine. Na kuna mtego wa pini 1: kwenye 6L6 nyingi pini hiyo haina kazi, kwa hiyo Fender wa miaka ya 1960 waliitumia kama kigingi cha kulehemia rezista ya kilo-omu 1.5 ya gridi. Kwenye EL34 pini 1 ni gridi ya tatu, inayotakiwa kuunganishwa na kathodi. Ukiichomeka tu humo, ishara ya gitaa inaingia mlango usio wake. Hamisha rezista kwanza, unganisha 1 na 8, ndipo tuzungumze.

Vox AC30 iko kwenye ukoo mwingine. EL84 nne, wati 12 za anodi kila moja, bayasi inajitengeneza yenyewe kwa rezista ya kathodi, mrejesho hasi hakuna. Hakuna cha kuzungusha. Zinafanya kazi moto kupita kiasi tangu zilipotoka kwa mara ya kwanza mwisho wa miaka ya 1950, na kumaliza valvu haraka ni tabia yake, si ugonjwa. Anayeinunua aweke na fungu la valvu pembeni.

Spika sasa. Hapa ndipo napenda kukaa, kwa sababu hapa ndipo pesa kidogo inaleta mabadiliko makubwa, na hapa ndipo watu hawaangalii.

Spika ya gitaa si kioo kinachoonyesha sura ilivyo. Inakata karibu kila kitu kilicho juu ya hezi 5,000, na ndiyo maana ukipeleka mkoromo wa valvu, wengine tunauita ukorofi, moja kwa moja kwenye mikisa bila kifaa cha kuiga spika, unapata mlio wa msumeno. Chini ya hapo kila spika ina mlima wake. Celestion Vintage 30, ambayo imo kwenye masanduku mengi ya kisasa, ina mlima kwenye sauti za kati za juu, pale pale penye ukali tunaoulalamikia. Kwenye bendi ya magitaa mawili na ngoma nzito inasaidia, inapenya. Chumbani, ukiwa umekaa usawa wa koni, inakuadhibu. Mtu anabadilisha valvu seti tatu kutafuta dawa ya ukali, na ukali umefungwa kwa skrubu 8 mbele ya macho yake. G12M ya wati 25 ni laini zaidi hapo. Lakini wati 25 ni wati 25: usiiweke peke yake mbele ya amplifaya ya wati 50.

Halafu kuna unyeti, yaani spika inatoa sauti kiasi gani kwa nguvu ile ile. Vintage 30 inatajwa na kiwanda kwa desibeli 100. Ukiweka badala yake spika ya desibeli 97, umepoteza desibeli 3, sawa na kupunguza nguvu ya amplifaya kwa nusu, bila kugusa waya wowote. Kumbukeni hesabu hiyo kwa lile lalamiko la nguvu nyingi mno. Kutoka wati 100 kwenda 50 ni desibeli 3, sikio linasikia kupungua kidogo tu. Ili isikike kama nusu unahitaji kushuka desibeli 10, yaani kutoka wati 100 hadi wati 10. Kwa hiyo anayenunua ya wati 30 akidhani itakuwa tulivu kwa theluthi moja ya ile ya 100 amedanganywa na namba. Amepunguza desibeli 5.

Wapo wanaotoa valvu 2 kati ya 4 ili kupunguza nguvu. Kwenye amplifaya ya bayasi ya volti hasi inafanyika: toa zile mbili za nje au zile mbili za ndani, ili kila upande ubaki na moja. Kisha swichi ya omu ishushwe kwa nusu. Sanduku la omu 8 lichomekwe kwenye 4, kwa sababu valvu mbili zinataka kuona mzigo mara mbili ya valvu nne. Kwenye AC30 na ndugu zake msifanye hivyo, maana rezista ya kathodi ilihesabiwa kwa valvu nne, na zile mbili zitakazobaki zitapitisha mkondo mkubwa hadi zife.

Na lile la nyuki ndani ya chupa? Hilo lina asili yake. Amplifaya za zamani ziliungurumisha valvu za nguvu, transfoma na spika kwa pamoja, na vyote vitatu vilikuwa vinahema. Masta volyumu, nobu ya kushusha sauti baada ya valvu za mbele, ilipoingia, ukorofi ukahamia kwenye valvu ndogo za mbele. Randall Smith wa Mesa Boogie alifungua njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa kupanga hatua za kukuza moja nyuma ya nyingine. Soldano SLO-100 ya mwaka 1987 na Peavey 5150 ya 1992 zikaifikisha tunapoijua leo. Hatua tatu au nne za ECC83 mfululizo zinakuza kila kitu, pamoja na mvumo na tope la chini. Kwa hiyo mchoraji lazima achuje besi kabla ya ukorofi, la sivyo nyuzi nene zinatoa uji. Kapasita ya kathodi inashushwa kutoka maikrofaradi 25 hadi 0.68, za kuunganisha hatua zinapunguzwa. Besi inarudishwa baadaye, sehemu ya nguvu, kwa nobu za mwisho. Sasa wewe unapiga nyumbani masta ikiwa kwenye 1: sehemu ya nguvu haijaamka, spika haijasogea, besi iliyotakiwa kurudi haijarudi. Unasikia kile kilichochujwa tu. Huo ndio wembamba. Punguza geini, pandisha masta, na kama nyumba haikuruhusu, tumia kizuizi cha nguvu kati ya amplifaya na spika. Kinauzwa, kinafanya kazi, ila kumbuka valvu za nguvu zinachakaa kwa kasi ile ile kama uko jukwaani.

Kwa mpiga solo wa rumba au wa benga mjadala wote huu wa ukorofi unapita pembeni. Yeye anataka noti iruke safi, iwe na ncha, isijikunje hata akipiga kwa nguvu saa tano usiku. Anahitaji volti nyingi, diodi za silikoni badala ya valvu ya kunyoosha umeme, na transfoma nzito: Fender Twin Reverb ya wati 85 yenye 6L6 nne ni mfano mzuri. Valvu ya kunyoosha umeme kama 5Y3 hupoteza volti 50 hivi, na hupoteza zaidi unapopiga kwa nguvu, ndipo sauti inapolala kidogo kisha inainuka. Kwa blues hiyo ni asali. Kwa kuzungusha sebene ni tope. Asishawishiwe na amplifaya yenye njia tatu za ukorofi ambazo hatazigusa. Kila relei, swichi ya umeme ya kubadilisha njia, iliyomo ni kitu kingine cha kuharibika.

Hapo nawageukia mafundi.

Bodi iliyochapwa si dhambi. SLO-100 niliyoitaja ina bodi iliyochapwa, na hakuna anayethubutu kuibeza. Na amplifaya iliyofungwa kwa mkono na mtu asiyejua kupanga waya inavuma na kupiga miluzi kuliko bodi yoyote. Swali ni nini kimelehemiwa kwenye bodi. Soketi za valvu za nguvu zikiwa juu ya bodi, kila ukiwasha bodi inatanuka, kila ukizima inasinyaa, na pete ya lehemu kwenye kila pini inapata ufa mwembamba kama unywele. Dalili: sauti inakatika amplifaya ikishapata moto, inarudi ukiigonga. Kwenye zile zenye spika ndani, valvu zimening'inia vichwa chini, joto linapanda moja kwa moja kwenye bodi, na mtikisiko wa spika unamaliza kazi. Nobu na tundu za jeki zikiwa zimelehemiwa kwenye bodi, pigo moja la mguu juu ya plagi linatosha kung'oa njia ya shaba.

Kwa hiyo ukienda kununua, omba kifuniko cha nyuma kifunguliwe. Soketi zimefungwa kwenye chesisi ya chuma kwa skrubu, na waya zinaenda bodi? Vizuri. Jeki zina nati ya chuma inayobana chesisi? Vizuri. Rezista kubwa za wati 5 zimeinuliwa milimita kadhaa juu ya bodi, au zimelala juu yake na bodi imeshageuka rangi ya kahawa chini yake? Kama ni kahawa, hesabu gharama ya kulehemu upya humo kwenye bei. Ukilehemu, nyonya lehemu ya zamani yote kwanza. Kuongeza mpya juu ya iliyopasuka ni kuupaka rangi ufa. Usirudie mara nyingi mahali pamoja, pete inabanduka. Na kama cheche iliruka kati ya pini 2 na 3, majirani wawili ambao mmoja ni uzi wa joto na mwingine ni volti 450, ile alama nyeusi iliyobaki ni kaboni na inapitisha umeme. Kuifuta hakutoshi. Ikwaruzwe mpaka ionekane nyuzi safi za bodi, na soketi itupwe.

Rezista za skrini nazo. Kwa EL34 weka kilo-omu 1 ya wati 5 kila valvu. Za omu 470 za wati 1 zilitosha kwa 6L6 za Fender. Kwa EL34 za leo zikifanyishwa kazi ngumu, skrini ndiyo inayoungua kwanza.

Wale wanaouliza kwa nini wasihamie kwenye mashine za kuiga valvu, sina ugomvi nao. Tangu Kemper na Fractal, na tangu Fender watoe Tone Master mwaka 2019, Twin yenye valvu ina kilo 29 na mwigaji wake 15. Mgongo una kura. Ila mwigaji akiharibika baada ya miaka 15 hamna fundi wa mtaani atakayemfufua, na hilo nalo lihesabuni.

Nimalizie na umeme wetu, maana maandishi mengi ya fani hii yametoka Marekani, volti 120, hezi 60. Sisi tuko volti 230 Tanzania, 240 Kenya, hezi 50. Wao wanaandika kwamba mvumo wa hezi 60 ni wa nyuzi za joto au wa waya wa ardhi, na wa 120 ni wa kapasita za kuchuja. Kwetu ni 50 na 100, na hamhitaji mashine kujua ni upi. Hezi 100 iko karibu sana na G ya kibao cha tatu kwenye uzi mnene wa gitaa. Hezi 50 ni G ile ile kwenye besi. Pigeni noti, linganisheni. Ukiwa ni wa gitaa, angalieni kapasita kubwa, hasa kama zina zaidi ya miaka 15, au valvu za nguvu zisizolingana. Ukiwa ni wa besi, angalieni valvu ya kwanza, nyaya za joto na ardhi. Valvu ya kwanza igongeni kwa penseli: ikilia kama kengele, ihamisheni nafasi ya nyuma.

Amplifaya ya volti 120 iliyoletwa ndani ya kontena inahitaji transfoma ya kushusha. Kwa Twin chukua ya VA 500. Transfoma hiyo inashusha volti, haibadilishi hezi. Chuma kilichopangiwa hezi 60 kikifanya kazi kwenye 50 kinabeba mzigo wa sumaku asilimia 20 zaidi, kinapata joto. Angalia kibandiko kama kimeandikwa 50/60 kabla ya kulipa. Amplifaya ikiwa imepangiwa 230 na umeme wa mtaa ukapanda hadi 250, nyuzi za joto zinatoka volti 6.3 hadi 6.85, karibu kabisa na kikomo cha asilimia 10, na anodi ya 450 inafika 489. Bayasi uliyopima mchana kweupe haipo tena. Pimeni saa ile mnayopiga. Jenereta ya harusi nayo ipimwe kabla ya kuchomeka chochote; inverta za bei nafuu zenye wimbi la ngazi ngazi zinaitia transfoma joto na kuleta mlio wa nzi.

Fyuzi ikikatika, weka ya namba ile ile yenye herufi T. Karatasi ya sigara si fyuzi. Ikikatika tena, toa valvu za nguvu, jaribu. Isipokatika, kosa liko kwenye valvu au bayasi. Ikikatika bado, ni transfoma, diodi au kapasita. Na amplifaya iliyolala stoo miaka isiwashwe moja kwa moja: ipitishe kwenye balbu ya wati 100 ya uzi, zile za zamani, iliyounganishwa kwa mfululizo. Balbu ikiwaka kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima. Wenye balbu hizo nyumbani msizitupe, madukani zinaisha.

Mezani pale kuna amplifaya tatu zimefunguliwa, na moja ina mvumo wa makusudi. Tuone nani ataitambua noti. Karibuni msogee. Ila mikono ibaki mifukoni kwanza: kapasita zile zinashika volti 400 hata plagi ikiwa imeshatolewa ukutani. Nitaweka rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5 kati ya kapasita na chesisi, tutaiangalia mita pamoja ikishuka, na ikifika chini ya volti 10 nitawaambia.